Nyama Haingoji: Ushauri kwa Wanunuzi na Wenye Bucha wa Raila na Kawangware

Jioni za mwisho wa mwezi, ukishuka kutoka Olympic kuingia mtaa wa Raila hapa Nairobi, bucha hujaa. Huyu anataka robo ya mifupa ya supu, yule nusu kilo ya kula na sukuma, na kijana wa mutura amefuata matumbo yake. Upande wa pili wa Ngong Road, kwenye vichochoro vya Kawangware karibu na steji ya 46, hali ni hiyo hiyo. Nyama iliyo kwenye ndoano ilichinjwa usiku, ikafika asubuhi ndani ya sanduku la bati, na tangu hapo haijaonja baridi. Mwenye bucha anamwomba Mungu iishe kabla hajafunga. Mnunuzi aliyebahatika kununua zaidi ya mlo mmoja anaomba iliyobaki ifike kesho ikiwa nzima.

Ndiyo maana habari za vifungashio vinavyoua bakteria hupokelewa kwa hamu. Mtu akisikia kwamba kuna karatasi au mfuko unaoongeza siku za nyama, anauliza bei kabla hata hajauliza unavyofanya kazi. Vifungashio hivyo vipo kweli, na sayansi yake ni nzuri. Lakini kabla hujatoa pesa, shika neno hili: kifungashio hulinda usafi na baridi ambavyo wewe mwenyewe umekwisha kuviweka. Hakina uwezo wa kuvileta mahali ambapo havikuwapo. Ukilielewa hilo, utajua shilingi yako ianzie wapi.

Nyama huvunda vipi

Ng'ombe akishachinjwa, misuli yake huendelea na kazi kwa muda. Sukari iliyohifadhiwa humo hugeuka kuwa asidi ya laktiki, ileile inayopatikana kwenye maziwa ya mala, na kipimo cha uchachu, yaani pH, hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Asidi hiyo ndiyo kinga ya kwanza ya nyama, na hutapewa risiti yake. Ng'ombe aliyesafirishwa mbali kwa lori, akakaa na kiu, akapigwa na kusukumwa, huimaliza sukari hiyo kabla hajafika machinjioni Dagoretti. Nyama yake hutoka nyeusi, kavu na ya kunata, na huvunda upesi kuliko ya mwenzake aliyepumzika. Mchinjaji anayempumzisha mnyama na kumnywesha maji ameanza kuhifadhi nyama kabla kisu hakijatoka.

Ndani ya msuli wa mnyama mwenye afya karibu hamna bakteria. Wanatoka nje: kwenye ngozi, kwenye kwato, kwenye utumbo uliotobolewa kwa haraka, kwenye mikono, kisu, gogo na miguu ya nzi. Kwa sababu hiyo kipande kizima hukaa kuliko nyama ya kusaga. Mashine ya kusaga huchukua uchafu uliokuwa juu ikausambaza hadi katikati.

Harufu na utelezi huanza kujitokeza bakteria wanapofika kama milioni 10 kwa kila sentimita mraba ya nyama. Maana yake ni kwamba pua yako hupata habari mwisho, sherehe ikiwa imekwisha. Isitoshe, kuna bakteria kama Salmonella na baadhi ya aina za E. coli wanaoweza kukulaza hospitalini bila kuacha harufu yoyote kwenye sufuria.

Hesabu ambayo kila mwenye bucha anapaswa kuijua

Bakteria akipata joto analolipenda hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Tuanze na mmoja tu, saa moja asubuhi. Ikifika saa nane mchana, wamepita milioni 2.

Sasa tuseme umeifunga nyama kwa karatasi yenye dawa inayoua bakteria tisa kati ya kila kumi. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini yule mmoja aliyebaki anahitaji kugawanyika mara tatu na kidogo tu, nao wamerudi kumi. Katika joto hilo ni suala la kama dakika 70. Umelipia karatasi, ukanunua muda usiotosha hata kuchemsha maharagwe.

Chukua nyama hiyo hiyo, karatasi hiyo hiyo, uiweke penye nyuzijoto 2 za Selsiasi. Huko hata bakteria wanaostahimili baridi huchukua muda wa saa saba au nane kugawanyika mara moja. Karatasi ambayo kwenye joto ilikupa dakika 70 sasa imekupa siku nzima. Dawa haikubadilika, wala bei. Baridi ndiyo iliyoipa nguvu.

Na usafi je? Nyama iliyokatwa juu ya gogo chafu ikiwa na bakteria mara mia zaidi ya ile safi, ni kama timu iliyoingia uwanjani ikiwa imeshafungwa mabao mawili. Karatasi yako itarudisha bao moja tu.

Vifungashio vyenyewe

Vipo vya namna nyingi, na ni vizuri uvijue kwa kazi zake, maana kila muuzaji atakuambia chake ndicho bora.

Cha kwanza ni pedi, kile kitambaa kinachokaa chini ya nyama kwenye sahani za supamaketi. Pedi ya kawaida hufyonza majimaji mekundu ambayo bakteria hustawi ndani yake. Nyingine hutiwa asidi za vyakula au viungo vingine vya kuua bakteria. Pedi ni rahisi kueleweka na kazi yake huonekana kwa macho. Hailiwi, na haitumiki mara ya pili.

Cha pili ni utando wa plastiki au karatasi ambao dawa imechanganywa ndani yake au imepakwa juu yake. Kuna zenye madini ya fedha, kuna zenye asidi, na kuna zenye nisini. Nisini hutengenezwa na bakteria wa maziwa, imejulikana tangu 1928, na hutumika kwenye jibini katika nchi nyingi; Marekani iliikubali mwaka 1988. Humkabili vizuri Listeria, bakteria anayejua kuishi hata ndani ya friji. Lakini ikiwa peke yake haimwezi Salmonella wala E. coli, kwa kuwa hao wana utando wa nje unaowakinga. Jifunze jambo hapo: hakuna dawa moja ya bakteria wote, na anayekuahidi hivyo hajui anachouza.

Katika kundi hilohilo kuna mafuta ya viungo, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna mali nyumbani. Karafuu za Pemba na Unguja zimejaa eujenoli, kiungo kinachotoboa ngozi ya bakteria. Mdalasini una chake, na zaatari ina chake. Tatizo ni kwamba mafuta na protini za nyama huimeza dawa hiyo, hivyo kiasi kinachotosha kwenye chupa ya maabara hakitoshi kwenye steki. Ukiongeza mpaka itoshe, nyama yote inanukia karafuu. Ndiyo sababu watafiti huyaweka mafuta hayo ndani ya utando, yatoke kidogo kidogo. Kupaka nyama mafuta ya karafuu kutoka dukani hakutakupa matokeo hayo.

Cha tatu ni vazi linalolika. Maganda ya kamba na kaa hutoa kitu kiitwacho kitosani, ambacho huyeyushwa kwenye asidi kama ya siki na kuachwa kikauke juu ya nyama kama ngozi nyembamba. Huzuia bakteria na hupunguza hewa inayopita. Kwa nchi yenye pwani ya uvuvi, hili ni wazo la kufuatiliwa kwa karibu. Lakini mwenye mzio wa kamba na kaa aambiwe kabla ya kuuziwa.

Cha nne hakina dawa bali hubadilisha hewa. Katika vifungashio vingine hutiwa kabonidayoksaidi, ambayo huwadhoofisha bakteria wa kuvundisha. Katika vingine hewa huvutwa yote. Nyama ya ng'ombe iliyovutwa hewa na kuwekwa karibu na nyuzijoto sifuri hukaa wiki kadhaa, na hivyo ndivyo nyama mbichi isiyogandishwa husafiri kwa meli kuvuka bahari. Humo hugeuka rangi ya zambarau, na ukifungua ikakaa hewani nusu saa hivi, wekundu unarudi. Usiitupe kwa kuiogopa rangi hiyo.

Nalisema hili kwa mkazo: usivute hewa kwenye nyama ambayo haitakaa kwenye baridi. Clostridium botulinum, bakteria anayetengeneza moja ya sumu kali kuliko zote duniani, hupenda mahali pasipo hewa. Ukimfungia ndani ya mfuko uliovutwa hewa, ukauacha kwenye rafu ya bucha yenye joto, umemjengea nyumba. Kifurushi hicho kitaonekana kisafi na cha kisasa kuliko nyama yote iliyo kwenye ndoano, na ndicho kitakachokuwa cha hatari zaidi.

Dawa inayoficha

Mnakumbuka Julai 2019. Runinga ya NTV ilirusha uchunguzi wa mwanahabari Dennis Okari kuhusu sodiamu metabisalfaiti kwenye nyama ya supamaketi, na kwa wiki kadhaa watu walikuwa wakiitazama nyama nyekundu kwa wasiwasi. Kemikali hiyo ina matumizi yake halali, kwa mfano kwenye matunda yaliyokaushwa. Kwenye nyama kosa lake ni kwamba hurudisha wekundu. Nyama iliyochoka inavaa sura ya nyama ya leo. Inaweza pia kumbana pumzi mwenye pumu, na huharibu vitamini B1 iliyo ndani ya nyama. Marekani hairuhusu itiwe kwenye nyama.

Wekundu peke yake, basi, usiutegemee. Na wewe mwenye bucha, mtu akikuletea unga usio na jina, au kioevu kwenye chupa ya soda, akasema nyunyiza kidogo nyama ikae, mfukuze. Kifungashio cha haki kina jina, kina maelezo, na kinafanya kazi hadharani mteja akiona. Anayekutaka unyunyize wakati hakuna anayekutazama amekwisha kukuambia ukweli.

Ukiwa na bucha

Anza na vitu visivyo na jina kubwa. Pokea nyama yenye muhuri wa mkaguzi tu, kama Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inavyotaka. Tundika vipande visigusane, ili uso wa nyama ukauke kidogo. Bakteria hawapendi pakavu. Gogo likwanguliwe na kusuguliwa kila jioni, likauke hadi asubuhi. Visu viwili ni bora kuliko kimoja: kimoja kazini, kingine ndani ya maji ya moto sana. Matumbo yawe na meza yake, kisu chake na ndoo yake. Anayepokea pesa asiikate nyama bila kunawa.

Kisha nunua baridi kabla ya kununua dawa. Ukishindwa na friji peke yako, zungumza na wenzako. Wenye bucha wa eneo moja wanaweza kuchanga kama chama wakanunua friza moja, kila mtu na rafu yake, na kipimajoto ndani. Friza ndogo ya pamoja itaokoa nyama nyingi kuliko katoni nzima ya karatasi zenye dawa zinazokaa juu ya kaunta yenye joto. Hadi siku hiyo, agiza kidogo. Ni heri kufunga mapema ukiwa umemaliza kuliko kufungua kesho na kiporo.

Kuhusu kufungia, tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatangaza kwamba ile mifuko iliyofanana na kitambaa nayo iondoke kufikia Machi 31, 2019. Wengi wakarudi kwenye gazeti. Gazeti lina wino, na limepitia mikono na sakafu nyingi kabla ya kufika kwako. Tumia karatasi safi isiyochapishwa, iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Bora zaidi, wazoeze wateja waje na bakuli lenye mfuniko. Mteja mwenye bakuli lake hahitaji mfuko wowote.

Nyumbani, bila friji

Wengi wetu tuko hapa, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Nunua ukiwa karibu kupika, na ununue cha siku. Robo mbili kwa siku mbili ni salama kuliko nusu kilo ya mara moja. Nenda na bakuli lako, safi na kavu. Usiioshe nyama ukaiweka. Maji huwapa bakteria njia ya kusambaa, na mtungi wa maji ni pesa. Ukitaka kuiosha, iwe wakati sufuria iko jikoni tayari, na uangalie matone yasirukie mboga.

Nyama mbichi isikae kwenye joto la nyumba zaidi ya muda wa saa mbili. Ikiwa mlo ni wa jioni nawe umenunua asubuhi, ipike sasa. Ichemshe kwa chumvi hadi iive kabisa. Shirika la Afya Duniani husema katikati ya kipande pafike nyuzijoto 70. Lakini jua kwamba nyama iliyoiva nayo ina saa zake. Kuna bakteria ambao mbegu zao huponea kwenye mchemko, halafu huamka supu inapopoa polepole ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa. Kwa hivyo pika kiasi kitakacholiwa siku hiyo. Kikibaki cha jioni, kimimine kwenye sufuria pana kipoe upesi, kifunike nzi wasiingie, ukichemshe tena hadi kitokote kabla ya kula. Kisilale hadi asubuhi.

Siki na ndimu hupunguza kasi ya bakteria wa juu ya nyama na kuilainisha, lakini hazitakufikishia nyama mbichi kesho. Chungu kinachopozwa kwa mchanga uliolowa kinafaa nyanya na sukuma. Kwa nyama hakifiki kwenye baridi inayotakiwa, hata katika ubaridi wa Julai wa Nairobi.

Ukitaka nyama ya kukaa kweli, wazee wetu waliijua njia. Waluo wana aliya: nyama iliyokatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani. Waborana na Wasomali wana nyirinyiri: nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Siri ni moja: ondoa maji, na bakteria hana pa kuishi. Mafuta ya nyirinyiri hufunga hewa na unyevu nje. Ni kifungashio kilichobuniwa kabla ya viwanda. Mtaani kwetu vumbi, nzi na mvua ya ghafla ni maadui wa aliya, kwa hivyo kata vipande vyembamba kama kidole cha mtoto, tia chumvi ya kutosha, tundika juu ndani ya chandarua chenye matundu madogo siku yenye jua kali, na uingize ndani kabla ya umande. Kipande kikipindwa kikabaki laini katikati, hakijawa tayari.

Mwenye friji naye asilale. Nyama ikae rafu ya chini, kwenye chombo kilichofunikwa, isije ikadondokea mboga. Joto liwe chini ya nyuzijoto 5. Kipande kizima kinakaa siku tatu hadi tano, ya kusaga siku moja au mbili. Friza iwe nyuzijoto 18 chini ya sifuri, na nyama ugandishe kwa vifurushi vya mlo mmoja mmoja. Stima ikipotea, usifungue mlango: friji iliyofungwa hushika baridi muda wa saa nne hivi, na friza iliyojaa hushika siku mbili.

Anayekuuzia kifungashio muulize

Muulize kina nini ndani, kwa jina. Muulize kama kimekubaliwa na shirika la viwango, KEBS, kuguswa na chakula, na akuonyeshe alama. Muulize kinaua bakteria gani. Muulize kilijaribiwa kwenye nyama gani na kwenye joto gani. Akikuambia nyuzijoto 4 na bucha yako ina 25, siku anazokuahidi si zako. Muulize taka yake inaenda wapi na NEMA inasemaje. Halafu piga hesabu ya gharama kwa kila kilo, uilinganishe na nyama unayopoteza kwa wiki. Akijibu yote bila kubabaika, na wewe una friji inayofanya kazi, nunua kidogo ujaribu: funga vipande vinne kwa kifungashio chake na vinne kwa karatasi yako ya kawaida, uviweke rafu moja, uandike tarehe. Wiki moja itakufundisha zaidi ya maneno yake.

Natamani kuona siku ambapo bucha ya Raila itauza nyama iliyofungwa kwa utando wa karafuu za Pemba au wa maganda ya kamba wa pwani yetu, bei ikiwa ya mama anayenunua robo. Siku hiyo itakuja mapema zaidi kwa yule aliyekwisha kusugua gogo lake na kuchangia friza ya chama. Kesho asubuhi, kabla nyama haijafika, chemsha maji, utafute kisu cha pili, na umwambie jirani yako wa bucha kwamba una jambo la kuzungumza naye. Na wewe mnunuzi, ukienda, beba bakuli lako.